Mchumba wa Chama Kizima

Simu ilipolia mara ya kwanza, Précieux aliibonyeza ubavuni ikanyamaza, akatabasamu kwa aibu, akaendelea kumega ugali wake. Mama Perpetua, mama yake Aketch, alijifanya hakusikia. Ilipolia tena, Mjomba Rufus aliacha kutafuna. Ilipolia mara ya tatu, Aketch alimtazama yule mwanamume aliyempenda kuliko kitu chochote katika Sydney nzima, akamsihi kwa macho: usiipokee. Leo tu, tafadhali, usiipokee.

Précieux aliipokea.

"Blaise, niko kwa wakubwa," alinong'ona, kana kwamba meza ile ilikuwa ndefu kama uwanja wa mpira na waliokaa upande wa pili hawangemsikia. "Funguo za nini? ... Hema limeanguka? ... Na wamama wameshafika? Bon. Bon. Niko nakuja."

Aketch alifumba macho. Alikuwa amemaliza wiki mbili akimwomba mama yake akubali kumkaribisha kijana huyu pale nyumbani Quakers Hill. Asubuhi alikuwa amempigia pasi shati jeupe kwa mkono wake mwenyewe, akampelekea. Mama yake alikuwa ameamka mapema, akapaka samaki limau na chumvi, akakaanga, akapika mchuzi wa nyanya ule wa wageni. Mjomba Rufus, kaka yake mama, alikuwa ameendesha gari kutoka upande wa pili wa jiji ili awepo mwanamume wa kuuliza maswali. Na hata maswali yalikuwa hayajaanza.

Précieux alisimama. "Mama, pardon. Mjomba, munisamehe. Kuko shida kidogo kule chuoni. Leo ni siku ya familia, chama chetu kimealika watu wa Fairfield, na basi imewaleta mapema. Mi naenda mara moja, narudia."

"Unarudia?" Mama Perpetua aliuliza taratibu. Kwa Kiswahili cha Kisumu alichokulia, kurudia ni kufanya jambo lile lile tena. "Utarudia nini, mwanangu? Kuondoka?"

"Hapana, Mama. Nitakuja tena."

"Hata samaki hujamgeuza."

Précieux aliinamia sahani yake kama mtu anayemwomba samaki msamaha, akamgusa Aketch begani, akaondoka. Walisikia gari la chama, lile la kubebea makochi ya watu, likikohoa nje, likiwaka, likienda.

Mjomba Rufus alijimiminia maji. "Ana adabu," alisema. "Ameomba msamaha mara mbili."

"Aketch," mama yake alisema, "mimi nilikwambia tangu mwanzo huyu si mtu wa kuolewa naye. Wewe ukadhani namkataa kwa sababu ni Mkongo."

"Uliniambia ni kwa sababu ni Mkongo, Mama."

"Hiyo ilikuwa mwanzo. Sasa nina sababu nzuri zaidi."

Aketch aliposhindwa kukaa, alichukua mkoba wake.

"Unaenda wapi?"

"Kumwambia jambo ambalo nimeshindwa kumwambia wiki nzima."

"Mwambie vizuri," mama yake alisema akianza kukusanya sahani. "Na umwambie mlango wangu si wa hoteli. Mtu haingii na kutoka anavyotaka."

*

Jambo lenyewe lilikuwa hili: Aketch, aliyekuwa amemaliza mitihani yake ya mwisho ya uuguzi, alikuwa amepata kazi katika hospitali ya Dubbo. Dubbo ni mji ulioko bara, safari ya treni inayomeza karibu siku nzima. Alitakiwa kuanza Februari, na Jumatatu walitaka jibu lake.

Alikuwa amejaribu kumwambia Précieux siku ile ile habari zilipofika. Walikuwa kwenye gari, ameshafungua mdomo, simu ikalia: mwanachama mmoja alikuwa amejifungia nje ya nyumba. Akajaribu kwa simu, Précieux akasema, "Ngoja kidogo, mpenzi, kuna mtu mwingine kwenye laini." Akajaribu kumfuata kwenye ile nyumba ya kupanga karibu na chuo ambako vijana wa chama huishi pamoja, wanapika kwenye sufuria moja na kulala popote penye godoro. Akawakuta jikoni wakimwapisha mwanafunzi mgeni kutoka Burundi. Kijana ameweka mkono kifuani, anarudia maneno ya Précieux: nitambeba ndugu, sitamcheka ndugu, simu ya ndugu nitaipokea niwe wapi niwe wapi. Wote wakapiga makofi. Aketch, aliyesimama mlangoni na habari kubwa kuliko zote za maisha yake, akakabidhiwa mwiko akoroge maharage.

Waliita chama chao Ndugu. Précieux na Blaise walikianzisha mwaka wao wa kwanza chuoni, walipochoka kula chakula cha mchana peke yao kwenye maegesho ya magari. Sasa walikuwa wengi, kutoka kila pembe ya Afrika, na Kiswahili ndicho kilichowaunganisha. Walihamisha fanicha za familia zilizotua Fairfield juzi, waliwasindikiza wazee ofisini, walifundisha watoto hesabu kila Jumamosi. Wanawake hawakuwa wanachama. Wanawake walikuwa mashemeji. Shemeji hapigi kura, lakini mandazi yake yanahitajika.

Aketch aliposhuka basi pale chuoni jua lilikuwa kali na maua ya zambarau ya mijakaranda yalikuwa yametapakaa njiani. Kwenye nyasi mbele ya maktaba kulikuwa na mahema, moshi wa mishikaki, muziki, na akina mama wa Fairfield wamependeza ndani ya vitenge. Watoto walikuwa wakikimbia huku na huko wakipiga kelele kwa Kiingereza, wakijibiwa kwa Kiswahili.

"Shemeji amefika!" Blaise alitangaza kwa kipaza sauti. "Jamani, shemeji! Sasa tuko salama!"

"Yuko wapi?" Aketch aliuliza.

Blaise alielekeza kwa kidevu. Précieux alikuwa amepiga magoti kwenye nyasi akigongomea kigingi cha hema. Juu ya shati jeupe, lile la pasi, alikuwa amevaa fulana ya chungwa ya chama. Alipoinua uso akamwona, uso wake uling'aa kwa furaha ya kweli, furaha ya mtoto, na Aketch alihisi moyo wake ukilegea hivi hivi, bila ruhusa. Akaukemea.

"Umekuja kunisaidia!"

"Sikuja kukusaidia. Précieux, nataka kukwambia jambo."

"Sema, mpenzi, nasikia. Shika hii kamba kwanza. Ivute. Njo vile, ndivyo, vizuri."

Aketch aliishika. "Nimepata ..."

"Kaka Précieux!" sauti iliita kutoka kwenye majiko. "Mchele unaungua!"

"Nakuja!" Akamwambia Aketch, "Usiachie, eh? Ukiachia linaanguka. Nakuja sasa hivi." Akakimbia.

Aketch alibaki ameshika kamba. Alitazama upande mmoja, akatazama mwingine. Hakuna aliyekuja. Chini ya hema lile, kwenye kiti cha plastiki, palikaa mwanamke mnene mwenye kilemba cha bluu, mikono imekunjwa kifuani. Alikuwa Maman Cécile, mama yake Précieux.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, binti." Maman Cécile alimkagua kutoka viatu hadi nywele. "Unashika vizuri. Uko na nguvu. Lakini sombe, majani ya muhogo, unajua kutwanga?"

"Sijui, Mama."

"Nilimwambia Précieux. Kule kanisani kwetu mabinti wa Bukavu wamejaa, wanajua sombe, wanajua kuimba. Yeye anasema hapana, anataka wewe." Akatikisa kichwa. "Ona sasa. Anakutaka halafu anakufunga kwa kamba kama mbuzi."

Aketch alitaka kucheka na kulia kwa wakati mmoja. Mkono ulianza kumuuma. Hapo ndipo Blaise, ambaye hakuwahi kuona hali akaisoma, alipotokea na kipaza sauti na kumwekea mdomoni.

"Shemeji wetu atasalimia wageni! Makofi!"

Makofi yakapigwa. Aketch alikichukua kile kipaza sauti kwa mkono uliokuwa huru.

"Habari zenu, mama zangu. Mimi naitwa Aketch. Nimepewa kazi ya uuguzi hospitali ya Dubbo, naanza Februari."

Akina mama walipiga vigelegele.

"Asanteni. Nimejaribu kumwambia mchumba wangu wiki nzima. Nilianza kwenye gari, akaitwa. Nikaanza kwenye simu, akaitwa. Leo amekuja kuonana na mama yangu, akaitwa kabla maji ya kunawa hayajakauka mikononi. Kwa hiyo nami namwita kama wanavyomwita wengine wote. Précieux, nahamia Dubbo. Umesikia? Dubbo. Na sasa mtu aje ashike kamba hii, mkono wangu umekufa ganzi."

Watu walicheka, halafu wakaona uso wake, wakaacha. Muziki ulizimwa. Précieux alikuwa amesimama kando ya jiko, mwiko mkononi, mdomo wazi.

"Précieux!" Maman Cécile alisema kwa sauti ambayo haikuhitaji kipaza sauti. "Mi nilikulea hivyo?"

*

Walizungumza nyuma ya maktaba, karibu na mapipa ya taka, mahali pekee ambapo hapakuwa na mtu wa kuwasalimu.

"Dubbo ni mbali," Précieux alisema.

"Najua."

"Kwa nini haukuniambia?"

Aketch alimtazama mpaka Précieux mwenyewe akaona alichouliza.

"Pardon," alisema. "Pardon. Bon, nitakuja na wewe. Nitahamisha masomo, nitafanya kwa kompyuta, nita..."

"Unaona? Hata hujafikiri! Umesema ndiyo kama unavyomwambia Blaise. Kochi? Ndiyo. Mchele? Ndiyo. Aketch anahama? Ndiyo, naye ndiyo. Mimi si kochi, Précieux."

"Sijasema wewe ni kochi!"

"Umeniacha nimeshika hema!"

Précieux alifuta jasho kwa ile fulana ya chungwa. Alipoongea tena sauti yake ilikuwa imeshuka. "Unajua tulivyofika hapa, mimi na maman. Tulikaa Fairfield, chumba kimoja. Noeli ya kwanza maman alipika, akatandika sahani za watu wengi, akasema tungoje, mtu hawezi kukosa kugonga. Tulingoja mpaka chakula kikalala. Hakuna mtu aligonga. Sasa mtu akiniita, Aketch, mi siwezi kusema sina nafasi. Naona ile meza."

Aketch aliijua meza ile. Alikuwa amehadithiwa usiku ule alipoanza kumpenda, na hilo ndilo lililomchosha: ungemkasirikia vipi mtu wa namna hii? Mlevi ungemfukuza. Mzinifu ungemtukana mtaa mzima ukakuunga mkono. Lakini mtu anayekuacha mezani ili akawasimamishie wazee hema! Ukilalamika wewe ndiye mbaya.

"Leo mama yangu naye alitandika," alisema polepole. "Alitandika sahani yako. Wewe ulifika, ukakaa, ukainuka. Sijui lipi linauma zaidi, asiyegonga au anayegonga halafu akaondoka."

Précieux alifungua mdomo. Aketch hakumngoja.

"Sikukuomba unihamishie friji. Sikukuomba hata unipeleke kazini. Nilikuomba ukae kwenye kiti. Basi."

Simu ililia mfukoni mwake. Précieux hakuitoa. Hata hakuitazama, alimtazama yeye, macho yamejaa maji. Lakini mkono wake ulikuwa umeshuka wenyewe hadi mfukoni, vidole vimeigusa kwa nje ya kitambaa, na Aketch aliuona ule mkono.

"Nenda," alisema.

"Aketch, sijapokea."

"Nenda, Précieux. Inalia."

Akageuka, akapita katikati ya akina mama wa Fairfield waliojifanya wanatazama watoto wao, akaenda kungoja basi.

*

Nyumbani Mjomba Rufus alikuwa ameshaondoka. Mama Perpetua alikuwa amesimama kwenye sinki, anasugua sufuria ambayo tayari ilikuwa safi. Aketch alichukua kitambaa akaanza kukausha vyombo.

"Umemwambia?"

"Nimemwambia. Na wageni wake wote nimewaambia."

"Akasema?"

"Akasema atakuja Dubbo."

"Haraka hivyo?"

"Haraka hivyo."

Mama yake alifunga bomba. "Unamkumbuka baba yako vipi?"

Aketch alishangaa. Mama yake hakuwa na desturi ya kumtaja baba. "Mkarimu," alisema. "Watu walimpenda."

"Walimpenda sana. Harambee ya kanisa, yeye. Mtoto wa jirani amekosa shule, yeye. Siku ya kumzika watu walijaa hadi barabarani, kila mmoja anasimama anaeleza alivyosaidiwa, na wote walikuwa wanasema kweli. Mimi nimekaa pale mbele na nguo nyeusi najiuliza, huyu wanayemsema, mimi nilimwona lini?" Alikausha mikono kwenye gauni lake. "Simkatai kijana wako kwa sababu ni mbaya, nyathina, mwanangu. Wabaya ni rahisi. Nimeolewa na mwema. Najua inavyokuwa."

Aketch aliweka sahani chini. Alimkumbatia mama yake kwa nyuma, akalaza shavu mgongoni mwake, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu walipotua nchi hii akiwa msichana mdogo. Walikuwa bado wamesimama hivyo mlango ulipogongwa.

"Mimi nitafungua," mama alisema, akajitoa taratibu.

Kupitia wavu wa mlango wa nje alionekana Précieux. Jua lilikuwa linazama nyuma ya paa za nyumba za jirani. Fulana ya chungwa haikuwepo. Shati lile jeupe lilikuwa na masizi na majani, na hapakuwa na gari nyuma yake barabarani. Alikuwa amekuja kwa treni, kisha kwa miguu kutoka stesheni, na viatu vyake vya sherehe vilionyesha.

Mama Perpetua hakufungua. "Umesahau kitu?"

"Hapana, Mama."

"Huko chuoni mmemaliza?"

"Bado. Wako wanacheza. Hema moja limeanguka tena."

"Na umewaacha?"

"Nimewaacha. Funguo niko nazipa Blaise." Alijisahihisha kwa tabu, akitafuta Kiswahili cha watu wa Kenya. "Nimempa Blaise. Na simu pia nimemwachia."

Aketch, aliyekuwa ukumbini na kitambaa mkononi, alisogea hatua moja.

"Sasa nani amekuita hapa?" mama aliuliza. "Aketch amekupigia?"

"Hapana. Hajanipigia."

"Kaka yangu Rufus?"

"Hapana, Mama."

"Basi nani amekuita?"

Précieux alifikiri, kana kwamba lilikuwa swali gumu kweli. "Hakuna mtu ameniita, Mama," alisema. "Nimekuja tu."

Aketch aliona bega la mama yake likishuka kidogo, kidogo tu, kisha akasikia kitasa kikizungushwa.

"Ingia. Vua viatu. Kaa pale." Akaonyesha kiti kile kile. "Nisione unainuka."

Précieux alikaa, mikono juu ya magoti, kama mtoto aliyeletwa kwa mwalimu mkuu. Mama aliingia jikoni, akafanya kelele nyingi za sufuria kuliko ilivyohitajika, ili wajue hasikilizi.

Aketch alivuta kiti mbele yake. Bado alikuwa amekasirika. Hasira haikuwa imeisha, ilikuwa imekaa tu pembeni ikingoja. Akaanza kumweleza habari za Dubbo, tangu siku habari zilipofika: wodi aliyopangiwa, chumba cha wauguzi wageni, ile hofu ya kwenda mahali ambapo hamjui mtu hata mmoja, ile hamu pia. Aliongea akitazama mlango kwa mazoea, akingoja kukatizwa. Hakukatizwa. Kwa mara ya kwanza wiki ile alifika mwisho.

Précieux hakukimbilia kusema ndiyo.

"Na wewe," aliuliza, "unataka kwenda?"

Kelele za sufuria jikoni zilikoma. Aketch alijaribu kukumbuka ni nani mwingine aliyemuuliza hivyo. Walimpongeza, walimwonea huruma, walimpigia vigelegele. Hakuna aliyemuuliza.

"Nataka," alisema. "Nataka sana."

Précieux aliinamisha kichwa, akakubali pigo lile bila kujitetea. "Na mimi?" alisema kwa sauti ndogo. "Mimi, unanitaka bado?"

Aketch alimtazama: masizi shavuni, jani la mjakaranda kwenye nywele, soksi yenye tundu kidole kikichungulia kwenye zulia la mama yake. Mungu wangu, mwanamume huyu angemzeesha kabla ya wakati wake.

"Nakutaka," alisema. "Lakini nakutaka ukiwa umekaa."